Supu Iliyoandikwa Maji

Kila alfajiri, kabla sijaamka sawasawa, nilikuwa nikisikiliza mguu wa Baba. Akitoka chumbani kwa hatua za kawaida, nilijua siku ni njema. Atachemsha chai, atavaa buti zake za kiwandani, atashuka ngazi za ghorofa nane na kuwahi taxi, ile daladala ya huku, ya kwenda kiwandani Pinetown. Akitoka akiuburuta mguu wa kulia, nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Ningesikia "Eish!" ya kwanza mlangoni, ya pili jikoni, na ya tatu, ndefu kuliko zote, pale anapojaribu kuingiza kidole gumba kilichovimba ndani ya buti lenye chuma mbele.

Naitwa Sia Gadiel. Nina miaka kumi na miwili, na tunakaa Albert Park, jijini Durban, katika jengo ambalo lifti yake imekufa tangu nikiwa darasa la pili. Kwetu ni Moshi. Mimi ni mtu nisiyeweza kutulia. Mwalimu wangu husema nimekalia siafu. Lakini mwaka huu, kati ya Aprili na Mei, kutotulia kwangu kulikuwa kwa aina nyingine. Nilikuwa na uongo wa maandishi, na nilikuwa nikiuongeza kila jioni kwa kalamu ya bluu.

Ugonjwa wa Baba unaitwa gauti. Wengine huuita jongo. Tindikali ya aina fulani huzidi mwilini, kisha hujikusanya kwenye maungio na kuchoma kama chembe za chupa. Hivyo ndivyo alivyotueleza Sista Fathima, muuguzi wa kliniki yetu. Sista alizaliwa Durban hapa hapa, lakini wazee wake wa zamani walitoka Afrika Mashariki, na Kiswahili chake ni mchanganyiko wa cha bibi yake na cha wagonjwa wake Wakongo.

"Baba Sia, dawa iko ya kila siku," alimwambia Baba siku ile ya kwanza. "Maumivu iko, maumivu haiko, wewe unameza. Na chakula lazima tuangalie. Maini, figo, supu ya nyama, dagaa, samaki wa kopo, bia, soda, hizo ndizo zinakuchokoza. Nyama kidogo unaweza kula, lakini kidogo kweli. Na maji, kunywa maji mengi."

Baba alimtazama kama aliyeambiwa aende akachunge mbuzi na ale wanachokula. "Sasa Sista, mwanaume atakula nini?"

"Maharage, ugali, mboga, mayai, maziwa, matunda. Iko vitu mingi!"

Kisha akampa daftari dogo lenye jalada la kijani. Kwa wiki nne aandike kila kitu kinachoingia mdomoni, na kila akimeza kidonge aweke alama. Mwandiko wa Baba hausomeki hata na yeye mwenyewe, kwa hiyo Mama akanikabidhi mimi kazi hiyo. Siku tatu baadaye Mama alisafiri kwenda Moshi kumuuguza bibi, aliyeanguka na kuvunjika nyonga. Tukabaki wawili, Baba na mimi, na daftari.

Ni lazima niseme jambo moja hapa ili uelewe uzito wa mambo. Baba alikuwa kiwandani kwa mkataba wa muda uliokuwa unakwisha mwishoni mwa Juni. Msimamizi wake alikuwa amemwambia waziwazi: wasiokosa kazi watapewa mkataba wa kudumu. Baba alikuwa ameshakosa siku nne kwa sababu ya mguu. Siku nyingine moja tu, na basi. Bila ile kazi hatungeweza kubaki Durban, na mimi shule yangu naipenda.

Wiki ya kwanza niliandika kweli tupu. Ugali na maharage. Ugali na mchicha. Wali na maharage. Baba alikula polepole akitazama ukutani, kama mtu aliyekaa kwenye benchi la polisi. Lakini alikula, akameza vidonge, na mguu ukawa kimya.

Kisha ikafika Jumapili ya mwisho ya mwezi.

Jumapili hiyo watu wa kwetu hukutana Queensburgh, nyumbani kwa Mzee Japhet, ambaye amekaa Afrika Kusini miaka mingi kuliko wote. Mbuzi huchinjwa, na hakuna anayejichukulia nyama ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe. Baba ndiye mkubwa wa ukoo wake hapa mjini, hivyo yeye huletewa kidari na maini. Kabla ya hapo huja kisusio, supu nzito ya damu na majani makali, kwenye kikombe kikubwa cha bati. Nilimwona Baba akikipokea kile kikombe kwa mikono miwili. Alinitupia jicho mara moja tu, kisha akanywa mpaka chini.

Tulipofika nyumbani nikafungua daftari.

"Niandike nini, Baba?"

Alijikuna kidevu. "Supu ni nini, Sia? Ni maji yaliyopitiwa na nyama. Na Sista alisema ninywe maji mengi. Andika maji, kikombe kikubwa."

Nilicheka. Yeye pia alicheka. Nikaandika: *Maji, kikombe kikubwa.*

"Na kidari?"

"Andika nyama kidogo."

"Kilikuwa kimejaa sahani, Baba."

"Kidogo ukilinganisha na mbuzi mzima," alisema, na safari hii mimi sikucheka sana.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa maana Baba alikuwa amegundua kwamba daftari ni kitu kisichobisha. Jumatatu alileta makopo mawili ya samaki, akasema samaki si nyama na kila mtu anajua hivyo. Jumatano jirani yetu, Mama Gracieuse kutoka Bukavu, alileta bakuli la dagaa wa kukaanga kama ilivyo desturi yake mama wa nyumba ya jirani akiwa safarini, na Baba akasema kurudisha chakula cha jirani ni matusi. Alhamisi ikawa soda, kwa sababu ya joto. Yote hayo niliyaandika kuwa maharage. Vidonge navyo, alivimeza pale mguu ulipouma na kuviacha ulipopoa, lakini alama kwenye daftari ziliendelea kupangana vizuri, moja kila siku, zote za mkono wangu.

Mama alipiga simu kila jioni. "Baba amekula nini leo, mwanangu?"

"Maharage, Mama. Na mchicha."

"Safi sana. Mungu akubariki, unanisaidia mno."

Kila aliponibariki, nilitamani simu izime. Nilianza kushindwa kukaa mezani. Nilisimama, nikafungua friji, nikafunga, nikaenda dirishani kutazama magari yanavyosimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikarudi. Darasani nilivunja penseli tatu kwa siku moja. Nilikuwa nikimwogopa Baba na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na mambo hayo mawili hayakai vizuri ndani ya mtu.

Jioni moja nilijitia ujasiri. "Baba, kwa nini usiwaambie tu akina Mzee Japhet kwamba unaumwa?"

Alikuwa ameuweka mguu kwenye ndoo ya maji baridi. Hakukasirika. "Unajua, Sia, hapa Durban nimebadilisha kila kitu. Lugha nimebadilisha, kazi nimebadilisha, hata jina langu kiwandani wanalitamka wanavyotaka. Ile siku moja kwa mwezi, Japhet ananiletea kidari mbele ya watu, ndipo ninapokumbuka mimi ni nani. Nikikataa, watasema Gadiel amesahau kwao."

Niliandika: *Ugali na mboga.*

Wiki ya nne ilipokwisha, kidole gumba kilikuwa kimevimba na kung'aa kama nyanya iliyoiva. Baba alikwenda kazini hivyo hivyo kwa siku mbili, akivaa buti bila kufunga kamba. Siku ya tatu ilikuwa zamu yake ya mapumziko, na ndiyo siku ya kliniki. Shuleni kwetu walimu walikuwa na mkutano siku hiyo, hatukusoma, nikaenda naye.

Sista Fathima alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Alivyozidi kusoma ndivyo uso wake ulivyozidi kunyauka. Alitazama matokeo ya damu, akatazama daftari tena, akautazama mguu.

"Baba Sia, hapa sielewi," alisema. "Chakula yako iko nzuri kuliko ya wagonjwa wangu wote. Dawa unameza kila siku. Na tindikali imepanda, haijashuka hata kidogo. Basi tatizo iko mahali pengine. Nitamwomba daktari akuongezee dawa, na Jumatatu unakwenda hospitali kubwa, wapime figo zako vizuri. Itakula siku nzima."

Jumatatu. Siku ya tano ya kukosa kazi. Nilimtazama Baba. Uso wake ulikuwa umepauka, na alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Sista alichukua kalamu akaanza kuandika barua ya hospitali, na mimi nikaona vitu vyote kwa mara moja. Mtu asiyemeza dawa anaongezewa dawa. Figo zinatafutwa ugonjwa ambao labda haupo. Kazi inakwenda. Na chanzo chake chote ni mwandiko wangu mzuri.

"Sista, usiandike," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Daftari ni uongo."

Kalamu ilisimama. "Uongo gani, mwanangu?"

"Maji ya ukurasa wa pili ni supu. Maharage mengine ni dagaa, na mengine ni samaki wa kopo. Vidonge Baba havimezi kila siku. Mimi ndiye niliyeandika."

Nilianza kulia, na nilikasirika kwa sababu nilikuwa nalia. Sikuthubutu kumtazama Baba. Nilisubiri anikaripie, au aseme kwamba nimechanganyikiwa. Kwetu mtoto hamwaibishi baba yake mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimefanya hivyo mbele ya muuguzi, mlango ukiwa wazi na watu wakisubiri nje.

Baba alikohoa. "Aliandika yeye," alisema taratibu, "lakini maneno yalikuwa yangu."

Sista Fathima aliichana ile barua vipande viwili. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga, kwa kuwa utulivu wake ulitisha zaidi.

"Unajua ningefanya nini leo?" alimwuliza Baba. "Ningetibu mtu wa kwenye daftari. Yule anakula maharage na kumeza dawa. Huyo mtu haiko hapa. Hapa iko wewe. Dawa nyingi kwa mtu ambaye hakuizoea, inaweza kumdhuru vibaya. Mimi sikasiriki ukila supu. Nakasirika ukinificha supu, maana hapo nafanya kazi na macho yangu yamefungwa."

Kisha akamweleza upya, polepole, na safari hii Baba alisikiliza. Chakula peke yake hakiponyi gauti, na dawa peke yake inachoka kama kila siku inaongezewa mzigo. Vyote viwili vinakwenda pamoja. Samaki wa kopo na dagaa wana ile ile kazi ya kuchokoza kama maini. Supu ya nyama imebeba kilichomo ndani ya nyama, haiwezi kuwa maji. Alimpa dawa ya kutuliza uvimbe kwa siku chache, akamwambia aanze vidonge vyake tena kwa kipimo kile kile cha kwanza, bila kuruka hata siku moja, na arudi baada ya wiki tatu.

Tulitembea kurudi nyumbani. Baba alichechemea, na mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Kwenye robot alisimama, ingawa taa ilikuwa kijani.

"Umenichoma leo, Sia," alisema.

"Najua, Baba. Samahani."

"Ngoja nimalize. Umenichoma, na nilistahili." Akavuka barabara. Jioni hiyo Mama alipopiga simu, Baba aliichukua kabla sijaifikia, akaenda nayo chumbani na kufunga mlango. Nilimsikia Mama akifoka kutoka Moshi hadi sebuleni kwetu. Nilifurahi kidogo, sitaficha.

Wiki tatu zile zilikuwa ndefu. Jumapili ya mwisho ya Mei iliangukia ndani yake, lakini Baba alikuwa zamu, hatukwenda Queensburgh. Usidhani Baba aligeuka malaika. Alinuna. Alisema maharage yana njama naye. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya mlango wa Mama Gracieuse akinusa, nikamvuta shati. Lakini vidonge alimeza kila jioni mbele yangu, na akajifunza kupika mchicha kwa karanga mpaka Mama Gracieuse mwenyewe akaja kuuliza namna anavyofanya. Yeye alipojua habari ya gauti alishika kichwa. "Mungu wangu, Papa Sia, na mimi nilikuwa nakuletea dagaa! Kwa nini haukusema?" Tangu hapo akatuletea ndizi na boga.

Tuliporudi kliniki tindikali ilikuwa imeshuka. Haijafika pazuri, alisema Sista, lakini imeshuka, na uvimbe umekwisha. Tangu siku ile ya daftari Baba hakuwa amekosa kazi hata siku moja, na Ijumaa msimamizi alimwita ofisini akampa mkataba wa kudumu. Usiku ule alicheza ngoma sebuleni kwa miguu yote miwili.

Lakini Jumapili ya mwisho ya Juni ilikuwa inakuja, na mimi nikaanza tena kufungua na kufunga friji. Kazi tulikuwa tumeipata. Kama angerudi kwenye kisusio na kidari, tungeipoteza ile ile baada ya miezi miwili.

Queensburgh tuliwakuta watu wamejaa uani, moshi wa mbuzi umetanda. Nilimwamkia Mzee Japhet, nikakaa karibu na Baba, nikasimama, nikakaa tena. Kikombe cha bati kilikuja. Baba alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua kidogo kwa heshima, kisha akampa kijana aliyeketi kando yake, Cyprian, aliyekuwa na mwezi mmoja tu Durban.

Wote waligeuka kututazama.

"Gadiel," alisema Mzee Japhet, "kisusio changu kina nini leo?"

"Hakina kitu, Mzee. Mimi ndiye nina kitu. Nina gauti."

"Fungu lako tunakuletea. Kulikataa huwezi, hilo unalijua."

"Silikatai." Sinia la kidari na maini likafika. Baba alilipokea, akakata kipande cha kidari cha ukubwa wa kiberiti, akakila mbele ya wote, kisha akasukuma sinia kwa Cyprian. "Nimepokea. Sasa ni langu, na mimi nampa kijana huyu. Amekuja juzi, hana ndugu hapa, ajue kwamba anao."

Mzee Japhet alilitazama sinia, kisha akamtazama Cyprian. Nilifikiri atatufukuza. Badala yake alivuta kiti, akainama kwa taabu na kuvua soksi ya kushoto. Kidole gumba chake kilikuwa kimevimba kuliko cha Baba siku yoyote niliyowahi kukiona.

"Mwaka wa tatu huu," alisema. "Nilidhani nikisema, mtaacha kuja kwangu."

Mwanaume mwingine akavua soksi yake pia, akicheka kwa aibu, na uani pote wakaanza kuulizana maswali: kliniki ipi, dawa gani, dagaa kweli nao wamo? Wanawake waliokuwa jikoni walitoka kuja kuona wanaume wazima wakionyeshana vidole vya miguu.

Baba akasimama. Nilijua anataka kusema jambo kwa jinsi alivyovua kofia.

"Ninyi mnanionea fahari kwa kusema leo," alianza. "Si mimi niliyesema wa kwanza. Mwezi mzima nilimdanganya muuguzi wangu, na kwa kuwa mimi mwandiko wangu ni mbaya, nilimfanya mtoto wangu awe mkono wa uongo wangu. Nilimfundisha kuandika supu kuwa maji. Halafu yeye, mtoto wa miaka kumi na miwili, akasema kweli mahali ambapo mimi niliogopa. Ningeweza kupoteza kazi, na figo zangu pia." Akanigeukia. "Sia, simama."

Nilisimama. Kwetu sijawahi kumwona mzazi akimwomba mtoto radhi mbele ya wazee, na nilimwona Mzee Japhet naye ameshangaa.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Baba. "Mgonjwa akimdanganya anayemtibu, anayetibiwa ni mtu ambaye hayupo, na mwili wa mgonjwa unabaki ukioza. Mzazi akimfundisha mtoto uongo, hata mdogo, hata wa kuchekesha, anamtwika mzigo ambao si wake. Usibebe tena uongo wa mtu yeyote, hata wangu. Hasa wangu."

Watu wote walikuwa wananitazama, na machozi yalikuwa yananishuka.

"Mjibu baba yako," alisema Mzee Japhet kwa upole.

"Nimekusamehe, Baba," nilisema.